Mguu Usitembelewe

Wifi yangu aliletwa kwangu kwa gari la hospitali, amekaa kiti cha nyuma kwa upana, mguu mmoja umenyooka kama ubao wa kupigia pasi. Kabla hajaumia tulikuwa hatujaonana kwa miezi. Alipofikishwa mlangoni, magongo mawili kwapani, neno la kwanza aliloniambia ni hili:

"Mlango wako mwembamba."

"Pole na wewe," nikamjibu. "Karibu."

"Nimesema tu."

Ndivyo alivyo. Watu wengine huzungumza, yeye hutangaza. Wala simsengenyi, ndiyo kazi yake. Ni mtangazaji wa stesheni ya reli, tangu mimi ni msichana wa kusuka nywele za wenzangu barazani. Mji mzima unaijua sauti yake na karibu hakuna anayeijua sura. Treni ya kwenda kaskazini itaondoka jukwaa la pili. Treni ya asubuhi itachelewa. Itachelewa, basi. Kwa nini inachelewa, hasemi. Nilipoolewa na mdogo wake, nikiwa bado mgeni kwenye ukoo wao na bado nina adabu, nilimwuliza: "Wifi, mbona hamtuambii sababu?" Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Ukijua sababu, treni itafika mapema?" Tangu siku hiyo nikawa namwamkia kwa mbali.

Chumba chake cha kutangazia kiko juu. Ni kijumba cha mbao na vioo kilichokalishwa kwenye nguzo, na kutoka pale anaona majukwaa yote na kila kichwa kilicho juu yake. Kukifikia kuna njia moja tu, ngazi ya chuma iliyo nje, nyembamba, inapanda wima na mvua inainyeshea. Kila asubuhi alikuwa anaipanda na chupa yake ya chai na mto wake wa kukalia, na jioni anateremka navyo. Asubuhi moja ya mvua, akiwa karibu kabisa na mlango, mguu ukateleza, goti likapiga ukingo wa chuma, na pia ya goti ikapasuka. Mji ulipata habari kwa njia yake. Treni ya saa mbili iliondoka bila kutangazwa, na nusu ya abiria wakabaki jukwaani na mizigo yao, wanaitazama inavyoondoka, wanasubiri kuambiwa.

Hospitali wakampasua, wakaifunga ile mifupa kwa nyaya. Sasa yeye anaishi peke yake, ghorofani, hana mume wala mtoto. Mume wangu akaamua dada yake aje kwetu maana sisi tuko chini. Nasema akaamua. Aliniambia nikiwa namsuuza mteja, kichwa cha mtu kimo mikononi mwangu na macho yake yamejaa povu. Anajua fika kwamba siwezi kugomba na kichwa cha mtu mikononi.

Siku ya kumtoa, daktari mpasuaji alituita pembeni, mimi na mume wangu. Ni mtu mpole, anaongea Kiswahili cha mtihani. Akasema: "Mguu huu usitembelewe mpaka nimwone tena." Nikaitikia. Mume wangu naye akaitikia kwa nguvu zaidi yangu, akatoa simu, akatoka nje kuwaarifu ndugu na watu wa stesheni. Nikamwona mtu wa maana siku hiyo.

Nyumba yetu, chumba cha mbele ndicho saluni yangu. Kuna vioo viwili, sinki, drayer moja ya kukaushia nywele, na kiti kimoja cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga pedeli. Nyuma kuna vyumba vyetu, na kule magongo hayageuki bila kuangusha kitu. Kwa hiyo wifi akawa anashinda saluni, kwenye kona karibu na drayer, mguu juu ya stuli yangu ya kusukia. Stuli ile ndiyo mkono wangu wa kulia. Nikawa nasuka nimesimama, na mgongo wangu ukaanza kunisema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi shamba sina, na mgeni wangu alikuwa na nyaya gotini. Siku ya tatu nikampa taulo akunje. Alizikunja vizuri, pembe kwa pembe, kisha akatangaza kwamba ni chache.

Wateja ndio walioanza kunichekesha. Mama mmoja alikuwa chini ya drayer, roli kichwa kizima, amesinzia mpaka mdomo wazi. Wifi akaniambia kutoka kwenye kona yake, "Maji ya moto yatachelewa." Yule mama alishtuka, akainuka, akashika begi, akauliza: "Jukwaa la ngapi?" Ilibidi nimshike mkono asitoke barabarani na roli.

"Kumbe ndiye yule!" akasema alipozinduka, anamtazama wifi kana kwamba ameiona redio ikinywa chai. "Dada yangu, sauti yako naijua kuliko ya mume wangu."

"Mumeo anasafiri sana?" wifi akauliza.

Siku zikaenda, na jambo moja nikaanza kuliona. Hakuna mtu aliyekuja. Mtu akivunjika hata kidole, watu hujaa mpaka mgonjwa mwenyewe anatamani kurudi wodini. Huyu mwanamke amesindikiza mji mzima kwa sauti yake, na hakuja hata paka. Kila pazia la mlango lilipotikisika aliinua uso. Ni mteja. Anaushusha, anachukua taulo nyingine.

"Pengine wana kazi nyingi stesheni," nikamwambia.

"Baada ya treni ya mchana hakuna treni mpaka alasiri," akasema. "Ratiba yao naijua mimi."

Nilimwonea huruma, halafu nikakasirika kwa kumwonea huruma, maana nilikuwa nimeshazoea kutompenda na mambo yalikuwa yananiendea vizuri.

Kwa upande wa mazoezi alianza kwa moyo. Tulikuwa tunakwenda naye hospitali kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Ni ukumbi mrefu wenye vitanda vifupi na vyuma vya kushikilia, na watu wazima wamekaa kwenye mstari wakijifunza mambo waliyoyajua wakiwa na mwaka mmoja. Mtaalamu wake alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Wagonjwa walimwita Bwana Kunja, kwa sababu hana maneno mengine. Kunja. Kunjua. Kunja tena.

"Maumivu ya kuvuta, endelea," akamwambia wifi. "Maumivu ya kuchoma, simama, niite."

"Nitatangaza," wifi akasema.

Kukunja uso alijua tangu zamani. Goti ndilo lilikataa. Lilikuwa limevimba, linang'aa, na lilikunjika kama mlango wenye kutu. Bwana Kunja alimlaza chali, akamwekea taulo chini ya kisigino, akamwambia avute kisigino kuelekea makalioni, taratibu, na mguu usibebe uzito wowote. Jasho lilimtoka wifi mpaka masikioni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, macho yametazama dari, "Kutakuwa na ucheleweshaji." Mzee wa kitanda cha jirani alicheka hadi akaachia chuma chake.

Nyumbani tulifanya yaleyale sakafuni mwa saluni. Taulo za moto kwanza, hizo ninazo, halafu kisigino kinateleza. Kidogo kidogo goti likaanza kusikia.

Ndipo ikaja simu ya mkuu wa stesheni. Wifi aliiweka kwa sauti ili aendelee kukunja taulo, kwa hiyo nami niliisikia yote, na mteja wangu pia. Mkuu alikuwa na adabu kupita kiasi, anaongea kama mtu aliye nje ya chumba cha mgonjwa.

"Dada, hatutaki kukusumbua kabisa. Tumeambiwa. Ila kuna jambo. Makao makuu wanatuletea mashine ya kutangazia. Fundi wake anakuja mwisho wa mwezi. Inahitaji sauti ya mtu, na sisi sote tumesema iwe ya kwako. Hutahitaji kupanda ngazi tena. Nitakuja kukurekodi hapohapo ulipokaa."

"Mwisho wa mwezi," wifi akasema.

"Pumzika, dada. Hatukusumbui."

Simu ikakatika. Wifi akaitazama taulo iliyo mapajani mwake. Alikuwa ameikunja vibaya, pembe moja inachungulia.

"Wanaitaka sauti," akasema. "Mimi hawanitaki. Hata kuja kunitazama hawakuja, wanakuja kuchukua sauti. Kesho itakuwa inasema itachelewa, itachelewa, kwa mdomo wangu, na mimi nimekaa hapa nakunja mataulo yako."

"Taulo zangu zimekukosea nini?"

"Nimesema tu."

Lakini sauti yake haikuwa ya kutangaza. Ilikuwa ya mtu. Mteja wangu alijifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Kuanzia hapo akaacha mazoezi. Nikiweka taulo sakafuni, anaikunja. Nikimwambia avute kisigino, ananiuliza kinakwenda wapi. Bwana Kunja aliposema kunja, alikunja mikono kifuani. "Goti la nini?" akamwuliza. "Ngazi yenyewe hainingoji." Kijana wa watu akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemharibu. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza wifi, nikamwambia amelegea, nikamwambia ana kiburi, nikamwambia mambo ambayo mke wa mdogo mtu hamwambii wifi yake mkubwa, na yeye akatazama nje ya dirisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ukimnyang'anya mwanamke yule kijumba chake cha vioo, habaki na kitu. Anabaki mtu mwenye goti bovu na sauti ambayo tayari ina mwenyewe mwingine.

Siku ya kurudi kwa daktari mpasuaji, mume wangu alitupeleka. Daktari akaiinua picha ya goti kwenye mwanga, akaridhika. "Mfupa umeshika vizuri. Sasa mguu unaweza kutembelewa. Taratibu, kwa gongo moja, lakini utembelewe kila siku."

Tulipotoka kwenye korido mume wangu alikuwa amejaa furaha. Kabla wifi hajakaa sawa kwenye benchi, simu iko sikioni.

"Jamani, daktari ameruhusu! Eeh, kuanzia leo anatembelewa. Njooni tu!"

Nikamvuta shati. "Nani anatembelewa?"

"Dada. Si alikatazwa? Sasa karuhusiwa."

"Alikatazwa nini?"

"Kutembelewa. Ulikuwepo, mke wangu. Daktari alisema asitembelewe."

Nilihisi damu inapanda kichwani pole pole, kama maji kwenye ndoo. "Ulimwambia nani?"

"Wote. Shangazi, mabinamu, stesheni nzima. Mkuu wao nilimwambia mara mbili, maana alitaka kuja siku ileile. Nilimwambia bwana, ni amri ya daktari. Yule mkata tiketi alikuwa mkaidi, akaja mpaka kona yetu, nikatoka nikamrudisha."

"Mguu ndio uliokatazwa!" Korido nzima iligeuka. "Mguu! Usitembelewe mguu!"

Akafikiri. Mume wangu ni fundi redio. Kifaa kikiharibika anasikia hata unywele unaogusa waya, ila maneno ya binadamu humpita.

"Mguu ukatazwe kutembelewa na nani?" akauliza.

"Na mwenye mguu!"

Nesi aliyekuwa anapita akasimama asikose kinachofuata. Kutoka kwenye benchi ikaja ile sauti, tulivu, kila neno mahali pake:

"Mkata tiketi alifika mpaka kona?"

"Alifika, dada."

"Alikuja mikono mitupu?"

"Alikuwa na ndizi."

"Ziko wapi?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Wifi akageuza uso ukutani na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu niolewe, na anacheka vibaya, kama injini inayowashwa kwenye baridi. Machozi yalikuwepo pia, sitaki kudanganya.

Siku hiyohiyo, baada ya treni ya mchana, walikuja wote. Saluni yangu haikupata kujaa hivyo hata siku za harusi. Mkata tiketi na ndizi nyingine, wafagiaji, mabinamu, shangazi wa mume wangu aliyekuja akigombana na simu yake. Waliokosa viti wakakaa sakafuni, mpaka chini ya drayer. Mpiga filimbi wa kuondosha treni, ambaye ndiye alikuwa anatangaza wakati wifi hayupo, sauti ilikuwa imemkauka kabisa, akawa ananong'ona.

"Dada, rudi," akanong'ona. "Abiria wananizomea. Juzi nimewapandisha watu wa kusini treni ya kaskazini."

"Walifika wapi?"

"Kaskazini."

Mkuu wa stesheni aliomba radhi kwa kila mtu, pamoja na mteja wangu asiyehusika, kisha akatoa kimashine cha kurekodia akakiweka kwenye meza yangu kati ya vitana. Akaeleza. Wifi atasema treni ya kwenda. Atasema majina ya vituo. Atasema namba. Mashine itaunganisha yenyewe.

"Na ikichelewa?" wifi akauliza.

"Kuna kitufe."

"Na mtu akivuka mstari wa njano, treni inaingia, na hatazami?"

Mkuu akamtazama mkata tiketi. Mkata tiketi akamtazama mpiga filimbi.

"Hilo halina kitufe," mkuu akasema.

Wifi akakisukuma kile kimashine kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ukingoni mwa meza. "Basi nitapanda mwenyewe."

Mkuu akakuna kichwa. Si mtu mbaya. "Dada, mimi nakutaka. Lakini wakubwa wananiuliza. Fundi akija mwisho wa mwezi akakukuta juu, kwenye kiti chako, nitawaambia kiti kina mwenyewe. Akikikuta kitupu, sina la kusema."

"Nimesikia," wifi akasema. "Haya, nani anamenya ndizi?"

Kuanzia siku ile nyumba yangu ikageuka kambi. Asubuhi kabla ya wateja ni kisigino na taulo. Mchana namkalisha kwenye kiti changu cha saluni, nyayo sakafuni, nabonyeza pedeli kiti kinashuka kidogo, goti linakunjika zaidi kidogo, anasema simama. Bwana Kunja, ambaye sasa alikuwa anapita kumwona nyumbani, alipoona akacheka, akasema tuendelee ila tusishindane. Jioni tunakwenda kwenye vipandio vya mlango wa nyuma. Hapo Bwana Kunja alitupa kanuni yake ya miguu: kupanda, mzima atangulie, kushuka, mgonjwa atangulie. Ukikosea, goti litakukumbusha.

"Mzima anaondoka," wifi anatangaza, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye gongo. "Mgonjwa anafuata."

Mgonjwa hafuati.

"Mgonjwa amechelewa."

"Sababu?" namwuliza kutoka chini.

"Sababu haitangazwi."

Majirani wakazoea kuja kutazama. Watu walianza kuniuliza sokoni kama mgonjwa amefika au bado yuko njiani. Stuli yangu nikairudisha, lakini nikajikuta naendelea kusuka nimesimama, kwa kuwa ukikaa huoni mlango wa nyuma. Tulianza pia kuzungumza, mimi na wifi. Si mambo makubwa. Aliniambia kwamba kutoka juu kule aliwahi kuniona nikimsindikiza mume wangu, zamani, kabla hatujaoana, na nilikuwa nimevaa viatu visivyolingana. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema ningeuliza sababu.

Wiki ya mwisho goti likagoma. Labda tulizidisha. Asubuhi lilikuwa limevimba kama andazi, halikunjiki hata kwa taulo ya moto. Bwana Kunja akasema tulipumzishe, tuweke barafu, tuinue mguu, na akatoka bila kuahidi kitu. Wifi akakaa kwenye kipandio cha nyuma, mguu umenyooka mbele yake kama siku ya kwanza. Nilimkuta pale. Alikuwa analia waziwazi, pua na kila kitu.

"Naogopa, wifi," akasema. "Si goti. Naiogopa ile ngazi. Nikifumba macho naona chuma na maji. Nimewaambia watu wote nitapanda, na mimi naiogopa."

Mambo ya kusema mtu huyapata baadaye, akiwa anaosha vyombo. Mimi nilikaa tu kando yake, na kipandio chenyewe kidogo, tukabanana.

"Mimi pia naogopa," nikamwambia. "Lakini nitakuwa nyuma yako. Ukianguka, utaangukia kitu kinene."

Akajipangusa kwa taulo yangu safi. "Hilo ni kweli," akasema.

Siku ya fundi ikafika. Nilikuwa nimeanza kichwa cha mteja mmoja, nikakiacha nusu kimesukwa nusu msitu. Bahati nzuri naye akasema anakuja kuona. Taulo ilikuwa begani mwangu, nikaisahau hapohapo. Jukwaani tulimkuta fundi wa mashine amekaa juu ya sanduku lake chini ya ngazi, anakula karanga, na mkuu wa stesheni anazunguka. Treni ya kaskazini ilikuwa tayari imewasha injini. Mpiga filimbi ameshika filimbi mdomoni na hapigi. Bwana Kunja naye alikuja, amevaa nguo zake za nyumbani, sikumtambua.

Nilimfuata wifi mpaka mguu wa ngazi. Akageuka.

"Wewe baki chini."

"Nilisema nitakuwa nyuma yako."

"Ngazi haipitishi wawili. Na wewe ni mnene, umesema mwenyewe." Akanipa gongo lake. Halafu akanipa chupa ya chai. Mto wake akauweka kwapani, akashika chuma kwa mikono yote.

Mzima akaondoka. Mgonjwa akafuata. Mzima. Mgonjwa. Safari hii hakutangaza, midomo yake tu ilikuwa inacheza. Abiria waliokuwa wanampita bila kumjua wakaanza kusimama mmoja mmoja, maana watu wakiona wenzao wametazama juu na wao hutazama. Alipofika karibu na mlango, pale alipoangukia, akasimama. Mguu mzima uko juu, mgonjwa uko chini, na hausogei. Alikaa hivyo muda. Fundi aliacha kutafuna. Mimi nilirudi nyuma ili nimwone vizuri, nikarudi tena, nikasikia mtu anasema "Mungu wangu, Mungu wangu," na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kisha goti likakunjika. Nililiona kwa macho yangu. Mgonjwa akafika alipo mzima, mlango wa kijumba ukafunguka, ukafungwa, na kwenye kioo kikatokea kichwa cha wifi yangu kikihangaika kuweka mto sawa.

Spika ikakoroma.

"Abiria wa treni ya kwenda kaskazini," ikasema ile sauti, "treni yenu iliyoko jukwaa la pili imechelewa kuondoka."

Tukangoja ikatike kama siku zote. Haikukatika. Alikuwa anahema.

"Sababu ni goti."

Watu wakatazamana. Mpiga filimbi akaitoa filimbi mdomoni. Fundi akainuka, akabeba sanduku lake bila kuambiwa na mtu.

"Mama mwenye taulo begani," sauti ikaendelea, "jukwaa la kwanza, anaombwa kurudi nyuma ya mstari wa njano."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimeuvuka.

"Na anaombwa aache kulia. Wifi yake amefika."